Jiwe la Nyuma: Gramu 140 za Shaba kwa Santuri za Mjomba

Upande mmoja wa santuri kubwa ya dakika 20 una mfuo mmoja tu, unaoanzia ukingoni na kuzunguka hadi karibu na karatasi ya katikati. Kama mfuo huo ungenyooshwa, ungezidi mita 400. Sindano ya almasi hutembea urefu wote huo ikiwa imebeba mzigo wa gramu 2 hivi, ikisuguana na kuta laini ambazo zikishaliwa hazirudi. Mzigo huo haupangwi mbele kwenye sindano. Unapangwa nyuma ya mkono wa gramafoni, ule unaobeba sindano, kwa kipande cha chuma cha mviringo ambacho mwenye mashine anaweza kukaa nacho miaka bila kukigusa. Mimi na fundi wangu tunakiita jiwe, kama mawe ya mizani, na makala hii yote ni juu yake: kwa nini nililibadilisha, lilikerezwaje hapa Mtwara, na linasaidia nini. Yanasemwa mengi kuhusu jiwe hili ambayo hesabu haiyakubali, na santuri tulizo nazo huku hazipaswi kulipia makisio ya mtu.

Mashine ni ya marehemu mjomba. Alifanya kazi bandarini hapa Mtwara, bandari ya kina kirefu tuliyoachiwa na mradi wa karanga wa Waingereza, na mshahara wake mwingi uliishia kwenye muziki. Kwetu Wamakonde mpwa ana haki yake kwa mjomba, kwa hiyo alipofariki hakuna aliyeshangaa sanduku la santuri lilipohamia kwangu pamoja na gramafoni yenyewe: ya Kijapani, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, inayozungushwa kwa mkanda. Santuri nyingi ni zile ndogo za mzunguko 45 kwa dakika. Bendi zetu za dansi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa kwa wingi kwenye tepu za redio ya taifa, na zilizobahatika kutoka kwenye santuri, nyingi zilichapwa Nairobi. Toleo likishaisha, limeisha. Nyimbo nyingine kwenye sanduku la mjomba sijawahi kuzisikia mahali pengine popote, si redioni wala kwenye simu ya mtu. Hicho ndicho kinachonifanya nihangaike na vitu vya milimita.

Hali ya hewa yetu pia haizisaidii. Mtwara ni joto na unyevu wa bahari karibu mwaka mzima. Majalada yanashika ukungu, mpira wowote unageuka kuwa lami au unakauka na kupasuka, na santuri iliyolazwa karibu na dirisha la jua la saa nane inapinda. Mjomba alizisimamisha wima kwenye sanduku la mbao mbali na ukuta wa magharibi, na kwa sababu hiyo nyingi ziko salama. Chache zimepinda, na nitazirudia hizo, maana ndizo zilizonifundisha zaidi.

Tatizo lilianzia kwenye mpira. Jiwe la asili la mkono huu halikufungwa moja kwa moja kwenye mkia wa mkono. Katikati palikuwa na shati la mpira lililowekwa kiwandani ili kumeza mitetemo. Ni ubunifu wa kawaida kwa mikono ya zama zile, na ni ubunifu mzuri mpira ukiwa mpya. Baada ya miaka zaidi ya 40 ya joto la Kusini, shati lile lilikuwa limelegea kama ulimi wa ng'ombe. Jiwe liliinama, likawa linaning'inia pembeni kidogo badala ya kukaa sawa na mkia. Ukilisukuma kwa kidole linacheza. Nilipopima mzigo wa sindano, nikalitikisa jiwe kidogo bila kuzungusha chochote, kisha nikapima tena, namba ilihama kwa karibu nusu gramu.

Wakati huohuo katriji ya zamani, kile kisanduku kidogo kinachobeba sindano, ilikuwa imefika mwisho na sindano yake haipatikani tena. Niliagiza Ortofon 2M Red, katriji ya Kidenmaki inayojulikana vizuri na ambayo sindano yake hubadilishwa bila kufungua skrubu. Ina uzito wa gramu 7.2, wakati ile ya zamani ilikuwa na gramu 5.2. Ukijumlisha na kichwa kipya cha kuishikilia, mbele ya mkono paliongezeka gramu 3. Ni uzito mdogo sana ukiuweka kiganjani. Kwenye mkono wa santuri ni mkubwa.

Hesabu yake ni ileile tuliyofundishwa shuleni kwenye somo la momenti. Kutoka egemeo hadi sindano, mkono wangu una mm 230. Gramu 3 zilizoongezeka mbele, ukizidisha kwa 230, ni 690. Nyuma lazima paongezeke 690 ileile. Jiwe la asili lina gramu 100, kwa hiyo linatakiwa lirudi nyuma karibu mm 7 zaidi ya lilipokuwa. Hesi za mkia zilikuwa zimebakiwa na mm 4. Zaidi ya hapo jiwe linachomoka. Kwa katriji hii, basi, jiwe la zamani lisingetosha hata kama mpira wake ungekuwa mpya.

Wapo wanaomaliza shida hii kwa kuongeza kitu mkiani. Nimeona sarafu iliyobandikwa kwa gundi, na kwa watu wa pwani nimeona chubwi ya risasi ya mshipi wa kuvulia ikiwa imefungwa kwa uzi. Viwanda vyenyewe vimewahi kutoa dawa ya aina hiyo: Technics SL-1200MK2, mashine iliyotawala disko za dunia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, iliuzwa ikiwa na uzito mdogo wa ziada wa kufungwa mwisho wa mkono kwa ajili ya katriji nzito. Mkono unasawazika, hilo sibishi. Ila uzito unaowekwa mwisho kabisa wa mkia uko mbali na egemeo, na umbali una gharama yake.

Hapa naomba msomaji avumilie namba kidogo. Kusawazisha mkono ni suala la uzito mara umbali. Lakini ugumu wa kuutikisa mkono, ule unaoitwa inesha, ni uzito mara umbali mara umbali tena. Umbali unaingia mara mbili. Kwa hiyo mawe mawili yanaweza kusawazisha mkono uleule kwa usawa kabisa, na bado kwa jiwe moja mkono ukawa mwepesi kuinuka kuliko kwa lingine. Kwa katriji mpya, jiwe la gramu 100 lingetakiwa kukaa mm 38.9 nyuma ya egemeo. Jiwe la gramu 140 linahitaji mm 27.8 tu. Ukifanya hesabu ya inesha na kuihamishia pale sindano ilipo, jiwe la kwanza linauongezea mkono gramu 2.9 hivi za uzito ambao sindano inalazimika kuusukuma kila mfuo unapopanda. La pili linaongeza gramu 2 na kidogo. Jiwe zito lililo karibu linapunguza mzigo huo kwa gramu 0.8.

Hii ndiyo siri nzima ya mawe ya kununua pembeni. Mkono wa Rega RB300 ulipotoka Uingereza mwaka 1983, ulikuwa mzuri kwa bei yake na ulienea sana, hata kukazuka watengenezaji wadogo wa kuuza mawe mazito zaidi ya kuufunga, mengine yakiwa na tundu lililosogezwa juu ili uzito uning'inie chini. Wanaotaka kwenda mbali zaidi hutumia tungsteni, ambayo sentimita moja ya ujazo ina gramu 19.3, zaidi ya mara mbili ya shaba. Jiwe linakuwa dogo na linasogelea egemeo kabisa. Rega wenyewe wanaitumia kwenye mikono yao ya bei ya juu.

Sasa, gramu 0.8 zinabadilisha nini? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema jiwe jipya "linafungua sauti". Kila mkono uliofungwa katriji una kasi moja ya mtikisiko ambayo unapenda kutetemeka nayo, na inatakiwa iangukie kati ya hezi 8 na 12, yaani mara 8 hadi 12 kwa sekunde: juu ya mikunjo ya santuri, chini ya muziki. Inapatikana kwa kugawanya 159 kwa kipeuo cha pili cha uzito wote mara ulaini wa shina la sindano. Kwa mkono wangu, uzito ni gramu 20 ukijumlisha katriji na skrubu. Ulaini wa 2M Red ni 20. Jibu ni 7.95. Punguza gramu 0.8, jibu linakuwa 8.1. Nimesogea upande unaofaa, na nimesogea kidogo sana. Anayeniambia kwamba amesikia pazia zima likiondoka kwa tofauti hiyo, naamini amesikia kitu, lakini naamini zaidi kwamba jiwe lake la zamani lilikuwa bovu au mzigo wa sindano ulibadilika alipofunga jipya bila yeye kupima.

Nirudi kwenye santuri zilizopinda. Ya mzunguko 33 hukamilisha mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Kama imepinda kwa mgongo mpana, mkono unapanda na kushuka polepole, mara moja kwa kila mzunguko, na hata mgongo ukiwa na kimo cha mm 2, nguvu ya kuuinua na kuushusha ni sawa na gramu 0.025 tu. Jicho linaogopa, sindano haina habari. Mkunjo mfupi ndio adui. Ninayo santuri ya taarab yenye kovu la namna hiyo ukingoni, labda iliegemea kitu cha moto. Mkunjo ukiwa mfupi kiasi cha kuulazimisha mkono kwenda kwa kasi ya mara 4 kwa sekunde, kimo kilekile cha mm 2 kinadai gramu 1.3. Fikiria: sindano imebebeshwa gramu 1.8, na mkono unapovuka kilele na kutakiwa kushuka upesi, gramu 1.3 zinaondoka. Inabaki nusu gramu kuishikilia sindano kwenye mfuo. Jiwe jipya linarudisha takriban gramu 0.05 kati ya hizo. Zinasaidia, ila haziokoi. Kinachookoa ni ule mzigo wa 1.8 kuwa 1.8 kweli. Aliyepanga 1.4 kwa kuhurumia santuri, kwenye mkunjo huo anabakiwa na gramu 0.1, sindano inaruka na kutua popote, na inapotua inachimba. Mzigo pungufu ya unaotakiwa unaharibu santuri kuliko mzigo uliozidi kidogo, kwa sababu sindano isiyoshikwa inagongagonga kuta badala ya kuteleza juu yake. Wazee wengi waliamini kinyume chake, mjomba akiwa mmoja wao, na nimesikia athari yake kwenye santuri alizozipenda kuliko zote.

Kwa hiyo nilipokwenda kwa fundi nilijua ninachotaka: jiwe lisilolegea, linalotosha katriji mpya, linalokaa karibu na egemeo. Kwa mkono wangu hakuna jiwe la kununua. Mkia una kipenyo cha mm 14 na hakuna anayeutengenezea kitu tena. Karakana niliyoiendea iko Majengo, inakereza bushi za boti na kurekebisha shafti za mashine za kusaga. Fundi aliutupia mchoro wangu jicho moja tu.

"Dada, hili linafungwa wapi?"

"Nyuma ya mkono wa gramafoni, fundi. Linabeba kichwa kilicho mbele."

"Kumbe ni mizani."

"Ni mizani."

"Basi tundu likienda upande hata kidogo, litavuta upande."

Alikuwa sahihi, na hakuhitaji maelezo mengine. Tulizungumzia madini. Risasi ni nzito, gramu 11.3 kwa sentimita ya ujazo, lakini ni laini, hesi zake zinafutika, na vumbi lake ni sumu. Fundi hakutaka kuiona kwenye mashine yake, nami sikutaka kuishika kila siku. Chuma cha kawaida kingefaa kwa uzito, ila kwa chumvi ya hewa yetu kitaota kutu ndani ya msimu mmoja. Alumini ni nyepesi mno. Kijana mmoja pale karakanani alipendekeza mpingo, na mtu wa Kusini hawezi kusikia jina la mpingo bila moyo kusimama kidogo. Ni mti unaozama majini, wachongaji wetu wanaujua, na duniani unatengenezewa zumari za bei kubwa. Lakini uzito wake kwa sentimita ya ujazo ni gramu 1.2 au 1.3 tu. Gramu 140 za mpingo zingekuwa gogo la ukubwa wa machungwa mawili madogo nyuma ya mkono mwembamba. Tukabaki na shaba ya njano, gramu 8.5 kwa sentimita ya ujazo, na fundi alikuwa na kipande cha nondo ya shaba kilichobaki kwenye kazi ya bushi.

Vipimo vilikuwa hivi: kipenyo cha nje mm 36, tundu mm 16, urefu mm 20. Nilitaka jiwe liwe fupi na pana, maana jiwe refu linasukuma nusu yake mbali na egemeo na kuifuta faida yote. Tundu tulilisogeza mm 5 juu ya kitovu ili uzito mwingi ukae chini ya mkia, karibu na kimo cha uso wa santuri. Faida yake ni ndogo: uzito unapokuwa chini ya egemeo, mkono ukiinuliwa na mkunjo unapata hamu kidogo ya kurudi chini badala ya kuelea. Nimeipigia hesabu na ni sehemu ndogo ya gramu. Lakini kwa kazi ya kutoboa tundu mahali pengine kwenye shaba ileile, haikuongeza gharama yoyote. Fundi alikifunga kipande kwenye kishikio cha meno manne, akakisogeza nje ya kitovu, akapima kwa venia, akasogeza tena, akapima tena. Alitumia muda mrefu zaidi kupanga kuliko kukata. Nilipenda kumtazama. Ni mtu anayejua kwamba chombo kikishakatwa vibaya hakuna maneno ya kukirudisha.

Swali gumu lilikuwa jinsi ya kulishika. Kulifunga kavu, shaba juu ya bomba la mkono, kungeliondoa lile wazo zuri la kiwanda la kumeza mitetemo. Kurudisha shati la mpira kungerudisha ugonjwa uleule baada ya muda. Fundi akakata mifuo miwili ndani ya tundu, na ndani yake tukaweka oringi mbili nyeusi, zile za mpira usioogopa mafuta zinazouzwa madukani kwa mafundi pikipiki. Jiwe linashikwa na pete hizo mbili tu. Halichezi, haliinami, na ukilizungusha kidogo huku ukilisukuma linasogea taratibu. Oringi zikichoka ni za bei ya pipi. Nyuma alitoboa tundu dogo akaweka skrubu ya shaba ya gramu 2, na hiyo ndiyo ya kurekebishia mwisho kabisa. Kazi yote pamoja na shaba ilikuwa shilingi 30,000, na sikuomba punguzo.

Kabla ya kulipeleka nyumbani tulipita kwa sonara aliyekubali kulipima: gramu 138.6, baada ya shaba iliyotoka kwenye ile mifuo ya oringi.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ningetaka msomaji alishike hata akiyaacha mengine. Pete ya namba iliyoko mbele ya jiwe la asili, ile unayoizungusha kutoka sifuri hadi 1, 1.5, 2, inasema kweli kwa jiwe lake tu. Jiwe la gramu 100 likisogea mbele mm 1, sindano inaongezewa gramu 0.43. Jiwe la gramu 140 likisogea umbali uleule, inaongezewa gramu 0.61. Ukilifunga jiwe zito kwenye hesi zilezile na kufuata namba zilezile, ukisoma 2 unaipa sindano 2.8. Mtu wa namna hiyo anaamini ameboresha mashine, kumbe kila anapopiga santuri anaikuna. Kwa hiyo mizani hununuliwa kwanza, jiwe baadaye. Na kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua mizani, baki na jiwe lako la zamani.

Watu wa mikoa hii hawahitaji kufundishwa maana ya mizani. Kila msimu wa korosho tunasikia habari ya kangomba, korosho za mkulima zikinunuliwa kwa bakuli nje ya mizani rasmi, na tunajua nani anaumia pale kipimo kinapokuwa cha makisio. Santuri nayo haiwezi kujitetea. Mizani ndogo ya kidijitali ya kusoma hadi gramu 0.01, ya aina wanayotumia masonara, inatosha kabisa, kwa sharti mbili. Sindano itue kwenye kimo kilekile cha uso wa santuri, si sentimita mbili juu yake, kwa sababu mkono ulioinuka unatoa namba nyingine. Na bamba la mizani lisiwe la chuma kinachoshikwa na sumaku, maana ndani ya katriji mna sumaku, nayo huvutana na bamba na kuongeza uzito wa uongo. Mizani yangu ilikuwa na bamba la chuma. Nimeijengea daraja dogo la plastiki linaloiweka sindano mbali nalo, kisha nikairudisha sifuri.

Nilifunga jiwe usiku umeme ukiwa umetulia na feni imezimwa, kwa sababu upepo wa feni unatosha kuutikisa mkono ulio huru. Kwanza nguvu ya pembeni, ile inayouzuia mkono usivutwe kuelekea katikati, irudishwe sifuri. Kisha jiwe lisogezwe mpaka mkono uelee sambamba, hauanguki wala haupai. Kisha mbele kidogo. Kutoka kuelea hadi gramu 1.8 ni safari ya mm 3 tu, kwa hiyo mkono wa mtu lazima uwe na subira. Nililifikisha jiwe kwenye 1.76 na kumalizia kwa ile skrubu ya nyuma, ambayo ikitoka mm 5 inabadilisha gramu 0.04. Mizani ikasoma 1.80. Nikalitikisa jiwe kwa kidole kama nilivyolitikisa lile la zamani, nikapima. 1.80.

Kisha nikakaa kusikiliza. Niliyoyasikia naweza kuyataja moja moja. Mwisho wa upande, karibu na karatasi ya katikati, ndiko penye shida siku zote, kwa sababu mfuo wa ndani unapita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 21 kwa sekunde wakati wa ukingoni unapita kwa 51. Sauti ileile imebanwa kwenye nafasi pungufu ya nusu. Herufi za s za waimbaji wa kike wa taarab zilikuwa zikichanika hapo, na kwenye santuri ambazo hazijaliwa zimeacha kuchanika. Kwenye zilizoliwa zinachanika bado, na zitachanika milele. Besi imetulia; koni ya spika ilikuwa ikipumua ndani na nje bila sababu santuri ilipopinda, sasa inapumua kidogo zaidi ya nusu ya zamani, na sehemu kubwa ya hilo naipa katriji mpya na ule mpira uliooza kuondoka, si gramu 0.8. Santuri yenye kovu inapita. Unasikia mkunjo unavyopita chini ya sauti, lakini sindano haitoki kwenye mfuo.

Shangazi alikuja Ijumaa moja baada ya hapo, akaomba santuri moja ya 45 aliyoicheza harusini kwake. Mjomba alikuwa ameacha kuipiga kwa sababu ilikuwa ikiruka. Ilipita mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Mwanangu, mbona huyu mpiga gitaa wa pili sikuwahi kumjua?" Sikumweleza habari za momenti. Nilimpigia tena upande uleule, na baada ya hapo nikaifuta na kuirudisha kwenye jalada, kwa sababu ile ni moja tu.

Kuna rafiki yangu Lindi ambaye amenitaka nimpeleke kwa fundi huyuhuyu. Nimemwomba kwanza anitumie vipimo vinne: uzito wa jiwe lake la sasa, kipenyo cha mkia, umbali wa kutoka egemeo hadi ubavu wa mbele wa jiwe mkono ukiwa umesawazika, na nafasi iliyopo kati ya mkia na mwili wa mashine ulio chini yake pale mkono unapoinuliwa juu kabisa. Hicho cha mwisho ndicho watu husahau. Jiwe la kuning'inia chini likiwa pana kupita nafasi hiyo, linagusa mwili wa mashine kila anapoinua mkono. Mkia wake ni wa mm 12, na chini yake pana mm 19 tu kutoka kitovu cha mkia. Kwa hiyo lake litakuwa na tundu la katikati, kipenyo cha mm 32, na litakuwa refu kuliko langu.